Mwaka Bibi Alipomkaribisha Mwenye Simba

Mwaka jana tulikuwa tunatoka Nachingwea kwenda Ruangwa kwenye kipaimara cha kitukuu changu, kwa gari la mjukuu wangu mwenyewe. Katikati ya safari wasichana wakasema wanataka kujisaidia. Gari likasimama, wakashuka wakicheka, wakaingia kwenye majani marefu ya pembeni mwa barabara kama mtu anayeingia chumbani kwake. Mimi nami nilibanwa, sikufichi, lakini miguu ilikataa. Nilisimama barabarani nimeshika mlango wa gari. Mjukuu wangu akasema, "Bibi, unaogopa nini? Simba waliisha huku sisi hata hatujazaliwa." Wakacheka wote. Nikawaambia wacheke tu, mimi nitasubiri mpaka Ruangwa. Na nilisubiri.

Hawa watoto ukiwaambia simba, wanafikiria picha. Wewe mwenzangu, kama ulikulia pande hizi siku zile, umeshatembea njia ya majani na mtungi kichwani, roho mkononi, huku unajifanya unaimba. Kwa hiyo nakuambia wewe.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Ruangwa, kwenye njia ya miguu iliyokuwa inakwenda Nachingwea. Nyumba za miti na udongo, zimeachana, kila mtu na mihogo yake nyuma. Wengi walikuwa Waislamu, wakulima wa mtama na ufuta, watu waliozaliwa hapo na babu zao wamezikwa hapo. Sisi Wakristo tulikuwa nyumba chache, na kanisa letu lilikuwa banda la nyasi lenye magogo ya kukalia. Padri alikuja kwa baiskeli alipoweza. Siku nyingine zote tulikuwa na mwalimu wa dini, kijana mpole, mwoga kidogo. Hatukugombana na mtu. Idi tulikula kwao, Krismasi wakala kwetu, na moto ukizimika jikoni uliomba kaa la moto nyumba yoyote iliyo karibu.

Baba alikuwa Nachingwea kwa Wazungu waliokuja kulima karanga. Waliotoka huko walitusimulia matrekta makubwa yanayofungwa mnyororo, mawili mawili, yanakwenda yakiuburuta, na msitu mzima unalala chini. Sisi watoto tuliona ni hadithi nzuri. Watu wazima hawakuipenda. Walisema msitu ukilalishwa, waliomo ndani watakwenda wapi? Na kweli, mwaka ule nguruwe walikuwa wengi, nyani wengi, hata mchana.

Lakini nikikumbuka siku zile kabla ya jambo lenyewe, nakumbuka utamu tu. Nakumbuka mtama umesimama mwekundu na mama yuko juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu cha kulindia shamba, anagonga debe na kuimba kuwafukuza ndege. Nakumbuka mbaazi mbichi zinachemka na chumvi. Nakumbuka ming'oko, vile viazi vya porini, tulivyovichimba kwa kijiti na kuvila vya moto, vinaunguza ulimi na hatujali. Bibi, mama yake mama, hakupenda watoto walegevu. Alikuwa akisema, "Ukikaa bure, mikono itakulaumu." Basi tulichambua, tulipepeta, tuliokota kuni. Jioni mama alirudi na moshi kwenye nguo, akanipigia miluzi kutoka njiani, na mimi nilimjibu.

Asubuhi moja hakurudi. Alikuwa amelala shambani kulinda, akashuka dunguni kuchochea moto, jua limeshatoka. Waliokwenda kumtafuta walirudi na kitu walichokizika siku ileile, na sisi watoto hatukuruhusiwa kukiona. Mimi nilichokiona ni kaniki yake. Mjomba aliibeba kwa ncha za vidole, ngumu kama ngozi iliyokauka, akaiweka mbele ya bibi. Baba alikuja kuzika, akakaa matanga, akarudi Nachingwea. Mimi nikabaki na bibi, kama ilivyo kwetu, mtoto ni wa upande wa mama.

Sasa nisikilize vizuri, maana mambo yote yalitokana na kaniki hiyo.

Kwetu kulikuwa na simba wa porini na kulikuwa na simba wa mtu. Simba wa porini huua kwa njaa. Simba wa mtu ana mwenyewe, anafugwa kwa dawa, anatumwa kwa chuki. Basi simba akiua mtu, wazee hawaulizi yuko wapi, wanauliza ni wa nani. Na kumjua mwenyewe ni lazima nguo ya marehemu ipelekwe kwa mganga, ikiwa na damu yake, haijaguswa maji. Haitolewi na mtu yeyote ila mwenye msiba. Mwenye msiba alikuwa bibi. Wa kuipeleka alikuwa mjomba, mwana wa bibi, ndugu wa mama tumbo moja. Mganga akishataja jina, mtajwa hana pa kwenda. Kama ana bahati, anafukuzwa usiku huohuo.

Jina lenyewe lilikuwa linanong'onwa hata kabla ya mganga. Lilikuwa la jirani yetu.

Jirani alikuwa mwanamke mzee aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma, amechanjwa uso mzima, na ndonya kubwa ya mti kwenye mdomo wa juu. Alikuja kwa ndoa. Mume wake, Mwislamu wa hapahapa, alishakufa. Hakuzaa. Hakuwa na mjomba, hakuwa na ukoo, alikuwa na mbuzi wawili na kiunga cha njugumawe kilichopakana na mihogo yetu. Mara ya mwisho kuku wetu walipofukua njugu zake, aligombana na mama, na katika hasira akamwambia, "Wewe utaona!" Nani asiyesema hivyo akikasirika? Mimi mwenyewe nawaambia wajukuu kila siku. Lakini mama alikufa, na watu walikuwa wamesikia.

Bibi hakulia. Hilo lilinitisha kuliko kilio. Wanawake walikuja kumlilia, yeye amekaa mkekani macho makavu, anawapa maji. Na kulikuwa na jambo jingine. Bibi alizoea kusali sala ya Bwana akitwanga, neno na mchi, neno na mchi, mimi nilijifunza hivyo. Baada ya mama kufa, akifika pale penye kusamehe, mchi unasimama. Anaruka, anaendelea na yanayofuata. Nilimuuliza kwa nini anaruka. Akasema, "Sitamdanganya Mungu mchana kweupe." Basi.

Matanga yalipokwisha, mjomba akaja kuichukua nguo. Alikuja na wanaume wengine, wakasimama nje. Yeye akaingia mpaka uani, mkuki mkononi.

"Mama, nimekuja."

"Nimekuona."

"Nipe nguo ya dada yangu. Njia ni ndefu na watu wako tayari."

Bibi akaingia ndani, akatoka na kaniki. Nikadhani anampa. Nami nilitaka ampe, nakuambia kweli, nilitaka mtu atajwe, niliona akishatajwa tutalala. Bibi akapita mbele ya mjomba kama hamwoni, akaenda kwenye mtungi, akamimina maji kwenye beseni la mti, akaichovya nguo. Akachukua jivu jikoni, akaanza kufua.

Mjomba alipiga ukelele mpaka kuku wakaruka. "Mama! Unafua nini? Unamfua dada yangu?"

"Nafua nguo."

"Mmemwona anayeificha damu ya mwanawe?" Alikuwa anawaambia wale wa nje. "Mmemwona mama yangu?"

Bibi alifua. Maji yakawa mekundu, halafu ya hudhurungi, akayamwaga, akatia mengine. Mikono yake ilitetemeka mpaka maji yakamwagikia miguu. Alipoikamua akasema bila kuinua uso, "Mganga atakutajia mtu asiye na wa kumtetea. Siku zote wanataja hao. Nimezika mmoja. Sitaki kuzika wa pili kwa mkono wangu."

Mjomba akasema, "Basi simba akiua mwingine, damu yake ni juu yako." Akaondoka. Wale wanaume wakamfuata, na mmoja akatema mate mlangoni petu.

Ilikuwa adhabu kubwa, mwenzangu. Kesho yake moto ulizimika, nikatumwa kuomba kaa. Nyumba ya kwanza waliniambia na wao wamezimikiwa, na moshi unatoka nyuma. Nyumba ya pili vilevile. Wanawake walipokwenda kisimani kwa msafara, na wanaume wawili wa mikuki mbele na nyuma, hawakutuita. Na kwa jirani vijana walikwenda jioni, wakavuta nyasi za paa lake mpaka zikabaki fito tupu, wakachukua mbuzi wake, wakamwambia aite simba wake aje amwezekee.

Bibi akaenda kumchukua. Mimi nilimshika nguo, nikamwomba asiende. Akanibandua vidole kimoja kimoja. Alirudi naye mkono kwa mkono, yule mzee amebeba kapu, mkeka na chungu kimoja, mdomo wake wenye ndonya unacheza.

"Utalala hapa," bibi akamwambia, akimwonyesha mahali pa mkeka. Palikuwa mahali alipokuwa analala mama. Palikuwa karibu yangu.

Sina maneno ya kueleza woga ule. Nje simba. Ndani mwenye simba. Nyumba ni chumba kimoja na mlango wa fito. Nilimsikia anavyopumua. Alinuka ugoro na moshi. Alipokula alitoa ndonya, nami nilimchungulia meno kuona kama yana nyama. Alipoinuka alfajiri kuchukua udhu na kusali, nilidhani anakwenda kuvaa ngozi. Alijaribu kunitania kama mabibi wa kwetu wanavyomtania mjukuu wa kike. "Mke mwenzangu, mbona unanikimbia? Nitakunyang'anya mume?" Sikumjibu. Nilikuwa nalia chini ya kaniki ya mama, ileile iliyofuliwa, maana ndiyo bibi aliyonipa nijifunike. Ilikuwa inanuka jivu tu.

Asubuhi moja tulikuta nyayo. Zimeizunguka nyumba yetu yote, zimesimama mlangoni, zimekwenda zake. Watu walikuja kuziangalia kwa mbali. Mmoja akasema, "Amekuja kumwamkia mwenyewe." Wengine waligeuza shingo wakamtazama jirani, na jirani alitazama chini. Siku hiyohiyo mwalimu wa dini akaja. Alikaa kwenye kigoda, akazungusha kofia yake mikononi.

"Mama, nimekuja kwa wema. Watu wanasema maneno. Wanasema Wakristo wanafuga mchawi. Ingekuwa vizuri huyu mama akaenda mahali pengine, kwa muda tu."

"Mahali gani?"

"Mahali... mahali pengine."

"Mwalimu, Jumapili ulihubiri nini?"

Akaitazama kofia.

"Nakuuliza. Mimi sijui kusoma, nilikuwa nimekaa kwenye gogo la mbele nakusikiliza. Ulisema mgeni, njaa, uchi, kitu hicho. Au ilikuwa ya Jumapili tu?"

Mwalimu akacheka kwa aibu, akanywa maji, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa kama sisi. Lakini bibi alipomjibu hivyo mimi nilipata nguvu, maana nilijua sasa: bibi ana hakika. Bibi anajua jirani hana kosa. Mtu hawezi kumlaza mwuaji wa mwanawe pale alipokuwa analala mwanawe. Nikajifunga kwenye jambo hilo kama mbuzi kwenye mti. Bibi anajua.

Ndiyo maana siku niliyomsikia akitwanga nilivunjika.

Alikuwa nyuma ya nyumba na kinu, mimi niko upande wa pili wa uzio wa mabua, nachambua majani ya kunde. Jirani alikuwa shambani kwake anachimba njugu zilizobaki. Bibi akaanza sala, neno na mchi. Nikasubiri pale penye kusimama. Mchi haukusimama. Ulipita, taratibu, mzito, kama mtu anayepandisha mlima, ukaenda mpaka amina. Nikafurahi moyoni. Halafu nikasikia amelaza mchi chini, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na mtu aliyesimama mbele yake:

"Mungu, kama ni yeye, usinionyeshe. Nikijua, nitamnyonga kwa mikono hii. Nimempa chakula, nimempa mkeka, na leo nimesema yale maneno yako. Zaidi ya hapo sina. Niache nisijue."

Majani ya kunde yalinitoka mkononi. Kumbe naye hajui. Kumbe kila jioni alikuwa anampakulia ugali mtu ambaye alidhani huenda amemla mwanawe, akimsogezea kipande cha samaki mkavu, akimwambia, "Kula, mwenzangu." Na mimi nilikuwa nimelala nyuma ya hakika ambayo haikuwapo.

Baada ya hapo bibi alikanyaga kisiki, mguu ukavimba mpaka goti. Maji yakaisha ndani. Msafara wa wanawake hautuchukui. Jirani akasema atakwenda yeye, mchana, jua likiwa kali, simba amelala. Bibi akasema hawezi kwenda peke yake, mtu mmoja njiani ni nyama, watu wawili ni watu. Akanitazama. Nikasema siwezi. Akasema, "Sikukuuliza kama unaweza."

Tukaenda. Kisima kilikuwa bondeni, kwenye mchanga wa mto uliokauka, unachimba kwa mikono mpaka maji yatoke, unasubiri yatulie, unachota kwa kata. Kwenda tulikwenda salama. Jirani alikuwa mbele, mimi nyuma kwa mbali, na kibuyu changu. Nilijiambia atamwita simba wake wakati wa kurudi, tukiwa tumeelemewa.

Njia ya kurudi ilipita kwenye majani yaliyomzidi mtu mzima kimo. Hakukuwa na upepo. Katikati, jirani akasimama. Nami nikaisikia harufu, kali, kama ya mkojo wa paka na nyama iliyolala. Majani ya upande wa kushoto yalitikisika mahali pamoja, yakatulia.

Nilimtazama yeye, sikuyatazama majani. Nilitaka kuona anavyomwita.

Mtungi ulianza kutetemeka kichwani mwake. Maji yakamwagika yakamshuka usoni, kwenye zile chanjo, kwenye ndonya, kifuani. Halafu nikaona maji mengine yanashuka miguuni, chini ya nguo, yanalowesha vumbi. Mwanzoni nilidhani ni ya mtungi. Hayakuwa ya mtungi. Akafungua mdomo, akaita kwa lugha yao, sauti nyembamba ya mtoto, neno ambalo halihitaji kufasiriwa, maana hata mimi nilikuwa naliita kila siku chini ya ile kaniki. Yule mwanamke mzee alikuwa anamwita mama yake.

Sijui nilifikaje. Nilijikuta nimemshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na mimi mtoto ndiye niliyekuwa namvuta. Nikaanza sala ya bibi kwa sauti kubwa, bila mchi, na yeye akaanza zake za Kiislamu, kila mtu na zake kwa pamoja, tukitembea kitu kama kinyumenyume. Kwenye majani kitu kikapumua, kikaondoka kwa uzito. Hatukukiona. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba alikuwa simba, huenda alikuwa nguruwe. Tulipofika palipofyekwa, tukakaa chini juani, tumelowa. Akanitazama, akajitazama nguo.

"Mke mwenzangu," akasema, "usimwambie mtu nimekojoa."

Nikacheka. Tangu mama afe sikuwa nimecheka. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, wajinga wawili juani, na maji yamebaki nusu.

La kukojoa sikulisema. Lakini nilimwendea bibi pale alipolaza mguu wake, nikamnong'oneza, "Bibi, anamwogopa."

"Nani?"

"Yeye. Anamwogopa simba kama sisi. Hata zaidi. Alimwita mama yake."

Bibi alinikazia macho. Nikadhani atafurahi. Akasema kwa ukali, "Nilikuuliza?" Akageukia ukutani.

Akakaa hivyo. Halafu sauti ikatoka, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa bibi wala sijaisikia tena. Alimtaja mama kwa jina lake la utoto. Kilio chote alichokuwa amekizuia kilikuja siku hiyo. Jirani aliingia mbio, hakuuliza, akaanguka magotini karibu naye, akalia naye, anajipiga kifua, anasema, "Nilimwambia utaona, mimi mjinga, nilimwambia utaona, ilikuwa kuku tu, ilikuwa kuku tu." Na bibi akamshika kichwa akakilaza kifuani.

Kijiji kilisikia, wakadhani simba ameingia. Walikuja wakikimbia na mikuki na madebe, mjomba mbele. Mlango ulikuwa wazi. Wakakuta hao wazee wawili wameshikana na mimi katikati yao. Mjomba alisimama na mkuki wake umeinuliwa, hana wa kumchoma. Mwanamke mmoja wa Kiislamu, aliyekuwa akituzungusha kila nilipokwenda kwake kuomba moto, akavua kanga ya kichwani, akaketi chini, akalia nasi. Akaketi na mwingine. Uani pakajaa. Jua lilipokuwa linashuka mtu akatuwashia moto bila kuombwa.

Simba aliuawa mbali, upande wa Nachingwea, siku nyingine kabisa. Askari wa wanyama alimpiga risasi, na mjomba akaenda kumwona. Aliporudi alisema ni dume zee, meno mabovu, mbavu nje. Hakusema zaidi. Hakuomba msamaha, wanaume wa kwetu hawakuwa na maneno hayo. Alikata nyasi, akazibeba kichwani mzigo kwa mzigo, akapanda juu ya nyumba ya jirani akaiezeka upya, kimya, na jirani yuko chini anamrushia kamba na kumtania kwamba anaezeka kama mtu wa pwani.

Mimi nilikua, nikaolewa, nimezika mume na watoto. Kila mara watu wa kanisa walinifariji kwamba neema ya Mungu itaniondolea mzigo. Sikuwabishia. Lakini neema niliyoiona mimi haikuondoa kitu. Mama hakurudi, simba hakutuhama siku bibi aliposamehe, woga haukutoka hata usiku mmoja. Niliiona ikipita katikati ya woga, mikono inatetemeka, jivu na maji mekundu, mkeka unatandikwa. Bibi aliifanya ilhali hana hakika ya lolote. Sasa nikisikia mtu anasema ana imani kwa sababu hana hofu, namwacha, naona bado hajaulizwa.

Leo ukipita pale huoni dungu. Mtama wamekwisha kuusahau, ni mikorosho mpaka upeo wa macho. Kisima cha mchangani kimefukiwa, ming'oko huuzwa sokoni Ruangwa imeshachemshwa, watoto hawajui inachimbwaje. Nyumba ya bibi ni kichuguu, ya jirani ni mahali pa kuegesha pikipiki. Hakuna anayeomba moto kwa mwenzake, kila mtu ana kibiriti chake, na sijui kama hilo ni jema. Wanawake wale waliokwenda kwa msafara wamelala wote, wengine makaburi ya Waislamu, wengine ya kwetu. Hata ule woga umepotea. Wasichana wanaingia majanini wakicheka, na mimi nawaombea waendelee kucheka.

Nilimuuliza bibi mara moja tu, nikiwa mwari, jirani ameshakufa na bibi mwenyewe ndiye aliyekaa mkekani kupokea pole, kama mtu aliyefiwa na ndugu yake. Tulikuwa tunamenya mbaazi. Nikamwambia nilimsikia siku ile akitwanga. Nikamwambia, "Je, bibi, kama kweli angekuwa ndiye?"

Hakushtuka. Akamenya mbaazi kadhaa.

"Basi ningekuwa nimemlisha aliyemla mwanangu," akasema. "Wewe unadhani Mungu anamlisha nani kila siku?"

Nimelichukua jibu hilo mpaka uzee huu, nimelipeleka kwenye kila ugomvi na kila msiba, nikitafuta mahali pa kuliacha. Na sikufichi, mwenzangu: linanitisha kuliko harufu ile ya majanini.